Mzazi Pembeni mwa Uwanja: Majigambo au Sifo?

Mwalimu mwenzangu, ukiomba mfano wa majigambo darasani Migori au Homa Bay, pengine utatajiwa maneno ya mama anayemtia mwanawe shime mashindanoni: wewe mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, hukimbii peke yako! Usiukubali haraka. Katika majigambo msemaji hujisifu mwenyewe. Mama huyu anamsifu mwingine, hivyo hizo ni sifo.

Hata hivyo, pana utata. Katika pakruok ya Waluo, mtu humsimamisha mpiga nyatiti ili ajisifu, na aghalabu hujisifu kwa kutaja jamaa zake. Mama akijiita mama wa mwenye mbio, sifa zimemrudia. Hapo tanzu huingiliana.

Lililo zito zaidi ni kwamba sifa hizo hutaja ukoo, si ushindi. Mathalani, klabu ya Gor Mahia, iliyoundwa mwaka wa 1968, ina jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, Homa Bay. Ikifungwa, jina halipungui.

Basi mfunze mwanafunzi kuuliza: je, maneno haya yangemfaa mtoto aliyeshika mkia? Yakimfaa, mzazi ametia shime. Yasipomfaa, amehesabu medali tu.