Baba Gaston na Gitaa la Katikati

Desemba ikiingia, Kawangware ina wimbo wake. Unashuka kwenye matatu ya 46 pale steji ya Kongo, na kabla hujamaliza kuvuka barabara umeshausikia mara mbili: kwa kinyozi, halafu kwenye duka la simu. Ukienda Kibera ukapita soko la Toi, unakukuta huko pia. Ni "Kakolele", wimbo wa Krismasi wa Baba Gaston. Wengi wa vijana wanaouitikia hawakuwa wamezaliwa alipofariki mwaka 1997. Sura yake hawaijui. Wanajua tu kwamba usipopigwa, Krismasi bado.

Mimi kinachonivuta kwake ni magitaa.

Jina lake lilikuwa Ilunga wa Ilunga, mtu wa Katanga, Kongo, mzaliwa wa 1936. Mwaka 1971 aliondoka kwao na bendi yake, Baba National, akaweka kambi Dar es Salaam. Mwaka 1975 akahamia Nairobi. Wahamiaji wengi hufika mjini na sanduku moja na anwani ya binamu. Huyu alifika na kaya nzima: waimbaji, wapiga gitaa, wapuliza ala. Lugha haikumsumbua, maana Kiswahili ndicho lugha ya mitaa ya Lubumbashi na Likasi, miji ya kwao Katanga. Na Nairobi ya siku hizo ilikuwa na studio, mitambo ya kuchapa santuri, na maduka ya River Road yaliyozisambaza. Kwa mwanamuziki wa Kongo, hapa palikuwa kiwandani na sokoni kwa pamoja.

Ustadi wa bendi hizo ulifinyangwa pia na santuri yenyewe. Sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo uligawanywa sehemu mbili. Upande wa kwanza una mashairi, mwendo wa pole, sauti zikipokezana. Unageuza sahani, na huko nyuma sebene, sehemu ya kucheza, inakungoja. Waimbaji wanarudi pembeni na magitaa yanachukua nyumba.

Hapo ndipo pa kusikiliza kwa subira. Kwanza lifuate gitaa la besi peke yake, halafu ngoma zenye mapigo ya kavacha, yaliyotoka Kinshasa yakapata wapenzi Nairobi. Juu kabisa kuna gitaa la solo, lile linalokwama kichwani hata ukiwa kazini. Chini yake kuna rithimu, inayopiga nota kwa pamoja na kushika mapigo. Katikati ya hayo mawili kuna gitaa ambalo Wakongo huliita mi-solo, yaani nusu solo. Hilo ndilo ninalolipenda.

Mi-solo hupewa nota chache, pengine tatu au nne, na amri ya kuzirudia. Ukimsikiliza mpigaji wake peke yake utadhani mtoto anajifunza. Lakini sikiliza tena, umfuate solo. Solo anasema sentensi yake, kisha anavuta pumzi, na katika upenyo huo mdogo nota za mi-solo zinatua. Solo akirudi, anakuta njia imefagiliwa. Mkono mmoja hauwezi kupiga kitu hicho. Wimbo unaousikia haupo kwenye gitaa lolote kati ya yale matatu. Umo katika kupishana kwao. Mpiga mi-solo ni kama mpishi wa harusi: kwenye picha hayumo, lakini asipofika hakuna harusi.

Ndiyo maana naona kazi ya mtu kama Baba Gaston ilikuwa kugawa nafasi. Kumpa kila mmoja neno lake, na kumfundisha kunyamaza kwa wakati. Wapiga gitaa hodari ni wengi. Wanaojua kunyamaza kwa hesabu ni wachache, na hao huhitaji mtu wa kuwalea.

Malezi hayo yalimgharimu. Mwaka 1976, bendi ikiwa bado ngeni mjini, kundi la wanamuziki wake lilijitoa na kuunda Les Mangelepa. Miongoni mwao walikuwamo Bwamy Walumona, Kabila Kabanze Evany na Kalenga Nzaazi Vivi. Wahenga walisema mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba. Hawa waliruka mti ukiwa umesimama, na hawakuyumba: "Embakasi" na "Nyako Konya" zikawa nyimbo za Nairobi nzima. Baba alitafuta vijana wengine, akaanza tena kugawa nafasi.

Ugeni nao haukumwachia nafasi kubwa. Mwaka 1980 redio ya taifa, Sauti ya Kenya, iliagizwa kwamba robo tatu ya muziki inaoupiga uwe wa Kenya. Agizo halikudumu, wasikilizaji walilalamika. Sasa wimbo uliotungwa na Mkatanga, ukapendwa na watu wa Kawangware, ni wa wapi? Idara yoyote ingehangaika na swali hilo. Desemba haihangaiki.

Mwaka jana nilikaa kwa kinyozi pale steji ya Kongo, shuka jeupe shingoni, "Kakolele" ikiwa imefika kwenye magitaa. Mteja wa kiti cha pili alikuwa akipiga mluzi, akifuata solo, na alijiona kweli. Kinyozi wangu hakuimba. Kila mluzi ulipokatika aligonga kitana ubavuni mwa mashine, mara tatu, kisha akasubiri. Nilimuuliza kama hupiga gitaa. Akacheka, akasema hajawahi hata kulishika.