Gari Lililokwisha Kugeuzwa

Wapo wasemao kwamba mwenye gari ana haki ya kuligeuza apendavyo. Haki hiyo siipingi. Nahoji busara yake. Tutazame Subaru Impreza 22B. Mwaka 1998 yaliundwa magari 400 kwa soko la Japani, kuadhimisha ubingwa wa dunia wa mbio za magari wa miaka mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997; mwaka huo wa mwisho Subaru ilishinda pia Safari Rally ya Kenya. Mafundi walichukua Impreza ya kawaida, wakapanua bodi yake na kuikuza injini kutoka lita 2.0 hadi 2.2. Kumbe gari lenyewe limekwisha kugeuzwa, tena kwa kipimo! Anayelikata bodi leo haongezi kitu, bali anafuta kazi ya waliomtangulia, na bodi iliyokatwa hairudi kuwa ile ile. Matairi na breki huchakaa. Kuvibadili ni matunzo, sina ugomvi nako. Lakini mwenye kiu ya kugeuza anunue Impreza ya kawaida, ambazo ni nyingi. Hili adimu, nionavyo mimi, aliache lilivyo, na aliendeshe.