Kuandika Watu Kazi

Lubumbashi na kazi ya kutafuta wafanyakazi ni rika moja. Mji ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka huohuo Wabelgiji wakaunda Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuipatia migodi ya shaba vibarua. Mawakala walizunguka vijijini wakitaka idadi fulani ya watu, na machifu wakashinikizwa kuitimiza. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya Union Minière ilianza kutoa mikataba ya miaka 3 na kukaribisha wake na watoto kambini. Hata hapo, kilichopimwa kwanza ni mwili.

Ndiyo maana namsifu meneja wa uajiri anayejua kumtambua mtu.

Kabla ya kutangaza nafasi, hushuka karakanani amuulize msimamizi: kazi yenyewe ni ipi, aliyeiacha aliondoka kwa nini? Dosye zikirundikana mezani, husoma hata mapengo yake. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya migodi ya Gécamines waliachishwa kazi katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ukaitwa kuondoka kwa hiari. Kijana wa nyumba ya mmoja wao aliyechelewa kumaliza shule, je, alikuwa mvivu? Meneja mzuri huuliza kwanza.

Ustadi wake huonekana zaidi kwenye mahojiano. Fundi wa kuchomelea anababaika kwa Kifaransa, jasho linamtoka. Meneja anahamia Kiswahili: “Papa, siku mashine ilipogoma, ulianzia wapi?” Mara mikono inaanza kusema pamoja na mdomo. Anayeijua kazi hutaja mlio, harufu, bolti iliyolegea. Asiyeijua hutaja vyeti. Kisha apewe vyuma viwili aviunganishe, maana maneno matamu hayashiki chuma.

Pagumu ni kwenye simu. Mjomba anapiga, padri anapiga, mkubwa fulani anapiga, kila mmoja na mtoto wake. Kumkatalia mjomba bila kumvunjia heshima ni kipaji ambacho hakuna chuo kinachokifundisha. Na katika mji huu si jambo dogo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, na swali la nani ana haki ya kazi lilikuwa ndani ya ugomvi ule. Meneja anayesoma jina la mtu akaishia hapo anachezea moto uliokwisha kuunguza nyumba za watu. Anayefunika jina na kutazama kazi anaulinda mji, ingawa hakuna atakayemshukuru.

Ninyi mnaoandika watu kazi Lubumbashi, nawaomba jambo moja zaidi. Aliyekosa nafasi naye mpigieni simu, mwambieni kwa nini amekosa. Alitoka mtaa wa Katuba au wa Kenya, humu humu mjini, alfajiri, kwa nauli ya kukopa, na nyumbani wanamngoja.