Sababu ya Kuvuka Mpaka

Katika mijadala ya shule za sekondari, hoja ya kupeleka jeshi katika nchi ya jirani hupendwa sana, kwa kuwa ina mshindo. Mtetezi hutaja haki, mpinzani hutaja damu, kengele hulia, kura hupigwa. Kasoro yake ni kwamba pande zote mbili huuliza swali mara moja tu, pale askari wanapovuka mpaka, kana kwamba baada ya hapo vita havina habari tena.

Mwanafunzi wa Kisumu Ndogo, katika Kibera, hana haja ya kwenda mbali kuiona kasoro hiyo. Ardhi anayoikanyaga ilikuwa msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliwakalisha humo askari wa Kinubi wa jeshi la Keya, watu wenye asili ya Sudani waliotumwa kupigana katika nchi zisizo zao. Sababu za waliowatuma zimekwisha kusahauliwa. Wazao wa askari hao walikaa bila hati ya ardhi mpaka mwaka 2017, walipopewa hati ya ekari 288.

Hotuba ifaayo kupimwa kwa jicho hili ni ya Mwalimu Julius Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameivamia Kagera, na Amin alikwisha kuitangaza kuwa sehemu ya Uganda. Mwalimu aliwaambia wananchi kwamba sababu ya kumpiga ipo, nia ipo, na uwezo upo. Kwa ufundi wa usemi sioni pa kumkosoa: maneno ni ya kila siku, sentensi ni fupi, na mtoto aliweza kuyashika kwa kusikia mara moja.

Walakini hotuba ni hoja pia. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuvamiwa kwa nchi, na sababu hiyo hukoma mpakani, haifiki Kampala. Hata hivyo, Januari 1979 askari wa Tanzania waliiteka Mutukula, na tarehe 11 Aprili, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, wakaingia Kampala. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Monrovia, Julai 1979, walikuwapo viongozi walioilaumu Tanzania kwa kuutegemea mkataba wa 1963, uliokataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kwa sheria walikuwa na nguvu; kwa dhamiri walikuwa dhaifu, maana Umoja huo haukumlaani Amin alipovuka mpaka wa mwenziwe. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2000 ulikuja kuruhusu kuingilia kati panapotokea mauaji ya halaiki au uhalifu wa kivita.

Naona Tanzania ilitenda haki kumwondoa Amin, ila haki hiyo ilitokana na mateso ya Waganda, wala si na uvamizi wa Kagera. Mtetezi atakayeieleza safari ya Kampala kwa maneno ya Novemba 1978 atakuwa amevaa nguo ya mtu mwingine.

Kenya nayo iliingia Somalia Oktoba 2011, na serikali ikataja utekaji nyara wa pwani ya Lamu na wa kambi za Dadaab. Mwaka 2012 askari hao hao wakaingizwa katika jeshi la AMISOM, kazi yao ikawa kuilinda serikali ya Somalia. Septemba 2013 watu 67 waliuawa Westgate, Nairobi. Mtetezi husema mauaji hayo yaonyesha jinsi adui alivyokuwa wa hatari. Mpinzani husema ni vita vilivyomleta. Wote wawili wangali wanabishana juu ya mwaka 2011. Mwaka 2012, wafukuzaji walipogeuka kuwa walinzi, ulistahili mjadala wake peke yake, na hoja zake hazifanani na zile za kwanza.