Rezini haina kosa, kosa ni letu

Wadogo zangu wa agronomia, leo niko naandika kitu chenye kitaudhi wengine. Nimesoma TFC na memwari kadhaa juu ya udongo wa Butembo na Beni, na ile sehemu ya mbinu inafanana sawa mapacha: "Tulitoa amoniamu kwa KCl ya 2 M, tukaikamata kwenye rezini ya kubadilishana ayoni, tukaiosha, tukapima rangi ya bluu." Hata mimi niliandika hivyo. Juri hawakuuliza kitu, nikapata pointi zangu.

Sasa tufanye hesabu. KCl ya 2 M iko na karibu gramu 78 za potasiamu kwa lita. Tuseme mchujo wako uko na miligramu 1 ya nitrojeni ya amoniamu kwa lita. Kwa kila ayoni moja ya amoniamu, kuna karibu 28,000 za potasiamu. Zote ziko na chaji moja chanya, na ukubwa wao karibu sawa. Rezini itachagua namna gani? Ni sawa taksi moja kwenye parking, watu 28,000 wanagombania viti vinne. Amoniamu yako inapita chini, unaimwaga, kisha unaandika "udongo maskini".

Kibaya zaidi: KCl ya 2 M ndiyo ileile tunayotumia kuvua amoniamu kwenye rezini! Unaweka mbele kile kilipaswa kuja nyuma.

Sisemi rezini ni bure. Itie katika kafuko ka nailoni, uizike shambani wiki kadhaa. Maji ya udongo yako na chumvi kidogo, itakamata vizuri. Ukiirudisha labo, hapo ndipo KCl inaingia. Lakini mchujo wa KCl, upime moja kwa moja kwa mmenyuko wa Berthelot, wenye tunao tangu 1859. Pima pia chupa isiyo na udongo, maana hata KCl ya dukani inaweza kuwa na amoniamu yake. Na udongo wa Beni usafiri kwenye baridi hadi Butembo. Vijidudu havingojei ufike.

Nyuma ya namba yetu kuna mama mmoja anayelima maharagwe. Tukimwambia shamba halina nitrojeni, atakopa pesa ya mbolea. Deni litakuwa lake, si la juri.

Kabla ya kukopi mbinu ya mkubwa wako, muulize: kwa nini hatua hii? Akikosa jibu, iache.