Twiga Asiye na Mnunuzi

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam kutafuta riziki, alianza kuchora yapata mwaka 1968. Hakusomea sanaa popote. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta, ileile inayopakwa baiskeli. Michoro ilipokauka aliiuza Morogoro Stores, Oysterbay, na wageni wakaipenda.

Ninachokisifu si soko hilo. Nasifu wepesi wa kuanza. Kipande cha ubao cha bei nafuu hakimlazimishi mtu kula kiapo. Chui akitoka na sura ya mbwa, hasara ni rangi kidogo tu. Kesho unapaka nyingine juu yake, unaanza upya.

Mtazame fundi wa michoro ya mtindo wa Tingatinga akiwa kazini. Kwanza anapaka usuli, rangi moja au mbili zilizoingiliana, anauacha ukauke. Kisha linakuja umbo: shingo ya twiga inateremka kwa mkupuo mmoja wa brashi. Mabaka na vidoadoa huja mwishoni. Rangi yenyewe ni nzito. Ukiizidisha inachuruzika, ukiibana mstari unakatika katikati. Kiasi kinachotakiwa kubaki kwenye ncha ya brashi hakielezeki kwa maneno. Mkono hukijua baada ya kuchuruzisha sana. Kupotea njia ndiyo kujua njia.

Siku hizi kijana akishika brashi, swali la kwanza nyumbani ni, "Itakulipa?" Swali hilo lina haki yake, maana kodi ya nyumba haisubiri. Ila likitangulia kazi, linaiua kabla haijazaliwa. Tingatinga naye asingeweza kulijibu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, akiwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Ndugu na wanagenzi aliowafundisha ndio walioendelea, na mwaka 1990 wakaanzisha ushirika wao. Jina lake likawa jina la mtindo mzima, jambo ambalo hakulipanga.

Lakini tusimfanye yeye kuwa kipimo, tukaanza tena kuhesabu ushindi. Wapo waliojaribu brashi miezi michache wakarudi kwenye biashara ya mitumba, na hakuna anayewakumbuka kwa michoro. Je, walipoteza muda? Mtu anayetaka kumchora twiga hana budi kujua miguu inaungana wapi na mwili, mabaka yanapungua wapi, shingo inainama vipi mnyama anapokunywa maji. Sisi tunaokatiza Hifadhi ya Mikumi kwa basi tunasema "twiga yule!" na kurudi kwenye simu zetu. Yule aliyejaribu, hata kama alishindwa, alimwona twiga kweli, na faida hiyo aliipata kabla ya mnunuzi yeyote kutokea.