Mkia Usio wa Lazima: Tahakiki ya Taswira ya Virusi Vinavyoshambulia Bakteria wa Baharini

Maelezo mengi ya virusi vinavyoshambulia bakteria huanza na kirusi T4: kichwa, mkia ulionyooka na nyuzi sita ndefu. Nyuzi hutambua kipokezi, bamba la chini hubadili umbo, ala ya mkia hujibana na mrija hutoboa utando ili DNA ipite. Maelezo hayo ni sahihi. Kasoro ni kuyafanya kielelezo cha bahari, ilhali mwenyeji wa T4 ni Escherichia coli, bakteria wa utumbo.

Kirusi PM2, kilichotengwa mwaka 1968 kutoka maji ya pwani ya Chile, hakina mkia. Gamba lake la protini lenye nyuso ishirini limefunika utando wa lipidi, na DNA ya duara imo ndani ya utando huo. Kinapomshika bakteria wa jenasi Pseudoalteromonas, gamba huvunjika, kisha utando wa kirusi huungana na utando wa nje wa mwenyeji. Taswira ya sindano, inayorudiwarudiwa madarasani, haina nafasi hapa. (Wala jina “mla bakteria”, tulilorithi kwa Félix d’Herelle tangu 1917, halifai zaidi: kirusi hakili chochote.)

Je, PM2 ni kioja tu? Mwaka 2013 Jennifer Brum na wenzake, kwa kutumia hadubini ya elektroni, walionyesha kuwa zaidi ya nusu ya chembe za virusi katika sampuli zao za bahari hazikuwa na mkia. Ushahidi huo peke yake hautoshi. Mkia mfupi hufichika, mrefu huweza kukatika wakati wa kuandaa sampuli, na si kila chembe isiyo na mkia hushambulia bakteria.

Ushahidi wa Kathryn Kauffman na wenzake, wa mwaka 2018, una uzito zaidi kwa kuwa waliviotesha virusi vyenyewe. Virusi visivyo na mkia, walivyoviita Autolykiviridae, viliua kwa wastani wenyeji 34 wa spishi nne za Vibrio. Vyenye mkia viliua wawili tu wa spishi moja.

Mbona vilichelewa kuonekana? Sehemu ya jibu imo maabarani. Klorofomu, inayotiwa kwa desturi ili kuua bakteria waliosalia, huharibu virusi vyenye lipidi kama PM2 kabla havijahesabiwa. Mtafiti anayekadiria vifo vya Vibrio kwa virusi vilivyonusurika humo atapata idadi pungufu, na daftari lake halitamwonyesha pengo lilipo.